Nanomada na kemia ya afya: yaliyokwisha kufika Chake, yanayokuja, na yanayouzwa kwa maneno matupu



Kijana mmoja wa Madungu, yuko kidato cha nne, kaniletea suali: "Hii nano wanayoisema kila siku inatuhusu nini sisi wa Pemba, au ni mambo ya Wajapani tu?" Nilimjibu kwa mistari miwili, kisha nikajiona sikumtendea haki. Manake jibu lenyewe ni refu, na sehemu yake kubwa imetokea hapa hapa kisiwani, nyengine karibu kabisa na Madungu. Kwa hiyo naiweka hapa kama kumbukumbu, mtu akitaka arejee. Si habari ya leo na kesho ikapoa.

Kwanza vipimo tuvijue. Nanomita moja ni mita moja ukiigawa mara bilioni moja. Unywele wa kichwa chako una unene wa nanomita kama 80,000 hivi. Nanomada ni mada yoyote ambayo chembe zake ziko baina ya nanomita 1 na 100. Kwa nini watu washughulike na udogo huo? Kwa sababu kitu kikivunjwa mpaka hapo tabia hubadilika. Eneo lake la juu linakuwa kubwa mno ukilinganisha na uzito, kwa hiyo kinashika vitu vyengine, kinayeyuka haraka, hata rangi inageuka. Dhahabu ya bangili ni ya manjano. Dhahabu ya nanomita 40 ikiwa ndani ya maji ni nyekundu kama sharbati. Michael Faraday alilionyesha hilo London mwaka 1857, kabla hata neno lenyewe la nano halijazaliwa katika sayansi.

Na hiyo dhahabu nyekundu, ndugu yangu, umeshaiona. Pengine hukujua tu.

Ule mstari mwekundu wa kipimo cha malaria

Ukienda kituo cha afya na homa, unachomwa kidole, tone moja la damu linatiwa kwenye kijikasha cha plastiki, yanaongezwa matone ya maji ya dawa, unasubiri robo saa. Mstari mmoja, huna malaria. Miwili, unayo. Ule wekundu si wino. Katika vipimo vingi vya aina hiyo ni chembe za nano za dhahabu.

Ndani ya kijikasha kuna utepe wa karatasi maalumu, nitroselulosi. Mwanzoni mwake wametandika chembe za dhahabu zilizovishwa kingamwili, yaani protini inayolitambua jambo moja tu na kulishika. Kimelea cha malaria kali, Plasmodium falciparum, kinatoa protini yake kwenye damu inayoitwa HRP2. Damu ikipanda kwenye utepe kama mafuta yanavyopanda utambi wa kandili, HRP2 inashikwa na chembe za dhahabu na kwenda nazo. Mbele imewekwa safu ya kingamwili nyengine iliyogandishwa pale. Inainasa HRP2, na dhahabu iliyoshikana nayo inanasa pia. Chembe moja huioni kwa jicho. Zikikusanyika mamilioni pahala pamoja unaona mstari. Ule mstari wa pili, wa udhibiti, unakwambia tu kwamba utepe umefanya kazi. Usipotokea, kipimo kimeharibika, na jibu lake lisisomwe hata kama mstari mwengine umetokea.

(Msianze kuvunja vijikasha kutafuta dhahabu, tafadhalini. Iliyomo ni kidogo mno, hata pini haipati.)

Sasa yale ya kuangalia. Joto na unyevu ndio maadui wa kipimo hiki, na Pemba tunavyo vyote viwili. Kile kipakiti cha chengachenga ndani ya pakiti ni cha kunyonya unyevu. Kama pakiti imekaa wazi tangu asubuhi, kipimo kile usikiamini. La pili, HRP2 inabaki kwenye damu wiki kadhaa baada ya kimelea kufa, kwa hiyo mtu aliyetibiwa mwezi huu anaweza kuonekana bado ana malaria kumbe kapona. La tatu ndilo kubwa: vimelea vikiwa vichache sana, kama chini ya 100 kwa kila maikrolita ya damu, mstari hautokei.

Hilo la tatu limetuhusu sisi khasa. Zanzibar ilibadilisha dawa ya malaria mwaka 2003 kuingia kwenye dawa mseto, vyandarua vikagaiwa, nyumba zikapigwa dawa kuanzia 2006, na maambukizi yakashuka mpaka chini ya asilimia 1. Malaria ikishakuwa adimu, waliobaki nayo wengi wanatembea nayo bila homa, vimelea vichache. Ukawaendea watu hao mlango kwa mlango na kipimo cha mstari, ukawatibu wale tu wanaotokea, unaacha wangapi nyuma? Jambo hilo lilijaribiwa Zanzibar, na matokeo yakachapishwa 2015: kupima wote na kutibu waliotokea hakukupunguza malaria. Watafiti waliongeza vipimo vinavyokuza vinasaba vya kimelea, vikaona wale walioachwa na dhahabu. Kipimo hakina kosa. Kwa mgonjwa mwenye homa kituoni ni kizuri mno na kimeokoa watu wengi. Kimepewa tu kazi ambayo hakikutengenezewa.

Kichocho: kuanzia karatasi ya rangi mpaka chembe zinazowaka

Hapa Pemba ndiyo skuli yenyewe. Wawi, mwendo mfupi tu kutoka Madungu, ipo Maabara ya Afya ya Jamii ya Ivo de Carneri, iliyofunguliwa mwaka 2000 na kupewa jina la mtaalamu wa vimelea wa Kitaliana. Kabla yake, tangu miaka ya 1980, Pemba ilishakuwa na mpango wa kupambana na kichocho cha mkojo kwa vidonge vya prazikwanteli na karatasi za kupimia.

Karatasi ile ni kemia rahisi na nzuri. Kichocho kinatoboa kibofu, damu inaingia kwenye mkojo, mara nyingi kidogo kiasi cha kutoonekana. Chuma kilichomo kwenye himoglobini kinachochea kitu kwenye karatasi kibadilike rangi, kutoka manjano kwenda kijani. Nusu dakika au dakika, umepata jibu, na mwalimu wa skuli anaweza kufundishwa kuitumia. Ubaya wake: inapima damu, haipimi kichocho. Msichana aliye siku zake atatokea mgonjwa.

Njia ya pili ni kuchuja. Mililita 10 za mkojo zinasukumwa kwa bomba la sindano kupitia chujio yenye vitundu vya maikromita 12 au 20 hivi. Yai la kichocho lina urefu wa zaidi ya maikromita 100, linabaki juu, unalihesabu kwa hadubini. Ni ushahidi usiopingika ukiliona. Lakini mtu mwenye jozi chache za minyoo hatoi mayai kila siku, leo humkuti, kesho unamkuta.

Sasa ikaja ya tatu. Minyoo hai hutoa sukari maalumu inayozunguka kwenye damu na kutoka na mkojo. Wataalamu wa Leiden, Uholanzi, walitengeneza utepe kama ule wa malaria, lakini badala ya dhahabu waliweka chembe za fosfori zenye madini adimu. Chembe hizi (kwa kipimo ni kubwa kidogo kuliko nano halisi, tusidanganyane) ukizimulika kwa mwanga wa infraredi usioonekana, zinarudisha mwanga unaoonekana. Hakuna kitu kwenye mkojo chenye tabia hiyo, kwa hiyo hata mwanga hafifu kabisa unajulikana kuwa ni wa kipimo. Mikojo ya Unguja na Pemba ilitumika kukipima kipimo hicho, matokeo yakachapishwa 2015, na kilibaini maambukizi mengi ambayo chujio ilikuwa ikiyapita. Ila kinataka mashine ya kusomea na maandalizi ya maabara, si kitu cha kubeba mfukoni kwenda nacho Kojani.

Kwa nini nashughulika na vipimo hivi? Kwa sababu baina ya 2012 na 2017 Zanzibar ilijaribu jambo kubwa: kukikata kichocho kabisa. Shehia 90, 45 Unguja na 45 Pemba, ziligawiwa makundi matatu. Wote walipewa prazikwanteli mara mbili kwa mwaka. Kundi la pili likaongezewa kupiga dawa ya konokono mitoni na mabwawani. La tatu likaongezewa elimu ya kubadilisha tabia. Matokeo yalichapishwa 2019: maambukizi yalishuka, mazito yakawa adimu, lakini hayakukatika, na yale makundi mawili yaliyoongezewa hayakulishinda la kwanza kwa tofauti ya kueleweka. Tangu 2020 kaskazini mwa Pemba wakajaribu namna nyengine, kupeleka nguvu pale tu palipobaki na ugonjwa. Na huwezi kujua palipobaki pako wapi kama kipimo chako hakioni.

Dawa ya konokono yenyewe ni niklosamaidi, ya kampuni ya Bayer tangu miaka ya 1950. Inazuia chembe hai za konokono zisitengeneze nguvu, zinakuwa kama jiko linalowaka bila kupika. Haidumu sana majini wala mtu hadhuriki kwa kiasi kinachotumika, lakini samaki na vyura wanakufa, na konokono waliojificha kwenye tope wanarudi. Ukiona watu wanainyunyiza, samaki waliokufa hapo usiwaokote kwa mboga. Muethiopia Aklilu Lemma aliona tangu 1964 konokono wanakufa pale wanawake wanapofulia kwa matunda ya mmea wa endodi, akaifanyia kazi umri wake mzima. Ilichukua miaka mingi wakubwa wa dunia kumsikiliza, na hadi leo endodi haikushika nafasi ya niklosamaidi. Kuna la kujifunza pale juu ya nani anaaminiwa, lakini tuendelee.

Na vile vidonge vichungu! Kila aliyesoma skuli Pemba anavikumbuka. Molekuli ya prazikwanteli ina sura mbili kama mkono wa kulia na wa kushoto. Mmoja ndio unaoua minyoo. Mwengine hauui kitu, unaleta uchungu na kukifanya kidonge kiwe kikubwa bure. Kuitenganisha kwa bei nafuu ilikuwa kazi ya wanakemia kwa miaka mingi. Dawa ya watoto wadogo yenye ule mkono mmoja tu ilijaribiwa Kenya na Ivory Coast, ikapata kibali cha wakala wa dawa wa Ulaya Disemba 2023. Hii si nano. Ni kemia ya kawaida iliyofanywa kwa makini, na pengine faida yake kwa mtoto wa miaka mitatu ni kubwa kuliko chembe nyingi zinazotangazwa.

Matone ya chuma, 2003

Hapa naomba msome pole pole.

Mtoto akiwa na upungufu wa damu, mkono wa kwanza unakwenda kwenye dawa ya chuma. Miaka ya 1990 na mwanzoni mwa 2000 ushauri wa kimataifa ulikuwa kuwapa chuma watoto wote wadogo kwenye nchi zenye upungufu mkubwa wa damu, bila kuwapima. Ulikuwa ushauri wa nia njema, na Pemba ulikuwa unatufaa kwa kila hali: malaria wakati ule ilikuwa nyingi, minyoo tele, watoto weupe wa macho.

Mwaka 2002 ukaanza utafiti Pemba kuona kama hilo linaokoa maisha. Watoto wa mwezi 1 hadi 35, zaidi ya 24,000 waliohusika na upande wa chuma. Wengine walipewa chuma na asidi ya foliki, wengine pamoja na zinki, wengine kidonge kisicho na kitu. Hakuna aliyejua nani kapata nini. Agosti 2003 kamati ya usalama iliyokuwa ikitazama hesabu kwa siri ikasema simamisheni, msiwape tena chuma. Watoto waliokuwa wakipata chuma walikuwa na uwezekano wa asilimia 12 zaidi wa kulazwa hospitali kwa maradhi mazito au kufa, kuliko wale waliopewa kidonge kitupu.

Ilichapishwa 2006 kwenye jarida la Lancet, na dunia ikashtuka. Utafiti wa namna hiyo hiyo uliofanywa Nepal, pasipo malaria, haukuonyesha madhara hayo. Na hata Pemba kwenyewe, kwenye kundi dogo la watoto waliopimwa na kuangaliwa malaria kwa karibu, wale waliokuwa kweli na upungufu wa chuma walinufaika. Kwa hiyo chuma si sumu na wala kina mama wasije wakayatupa matone waliyopewa na dakta. Ila chuma kumpa kila mtoto bila kupima, kwenye malaria isiyodhibitiwa, ni hatari. Shirika la Afya Duniani lilibadilisha maelekezo yake, na sasa linasema kwenye sehemu za malaria chuma kiende pamoja na kinga, kipimo na tiba ya malaria. Mtoto wa Malawi au wa Papua analindwa na kilichojulikana kwa watoto wa Pemba. Sijui kama tunalisema hili vya kutosha. Wazee wa watoto wale wapo, baadhi ya watoto wenyewe sasa ni watu wazima wenye watoto wao.

Kwa nini chuma kikadhuru? Maelezo yenye nguvu ni ya kikemia. Chuma kinachotolewa kwa kawaida ni salfeti, inayoyeyuka mara moja tumboni. Kinachobebeka na mwili wa mtoto ni sehemu ndogo tu, kingine kinabaki kwenye utumbo kulisha bakteria wabaya, na kile kinachoingia kwa ghafla kinaweza kuzidi protini za kukibeba, kikaelea kwenye damu, nayo ni karamu kwa vimelea.

Na hapa nano inarudi. Ndani ya chakula na ndani ya miili yetu, akiba ya chuma haikai imeyeyuka, imefungwa kama punje ndogo sana ndani ya protini inayoitwa feritini. Wanasayansi wa Cambridge wakaiga hilo, wakatengeneza chembe za nano za oksidi ya chuma zilizovishwa asidi za chakula, zinazochukuliwa na utumbo nzima nzima bila kuyeyukia njiani na kulisha bakteria. Zilijaribiwa kwa watoto nchini Gambia. Bado si dawa ya kuinunua dukani, na mimi binafsi kabla haijagaiwa Pemba ningetaka ipite mtihani ule ule wa 2003: watoto wengi, kidonge kitupu upande wa pili, na kamati yenye mamlaka ya kusema simama.

Mtihani wa namna hiyo ulifanyika tena hapa kwa jambo jengine. Baina ya 2011 na 2014 vitovu vya watoto wachanga vilipakwa klohekisidini, dawa ya kuua vijidudu ambayo Asia ya Kusini ilionyesha kuokoa watoto. Walihusika watoto 36,911. Tofauti ya vifo na wale walioachwa kitovu kikavu haikuwa ya uhakika. Yaani ilichofaa Nepal si lazima kifae Pemba, na kinyume chake.

Mbu na vidonge visivyoonekana

Hili nitalipitia mbio. Dawa ya kwanza ya ukutani kuanzia 2006 ilikuwa ya ukoo wa pairethroidi, ukoo ule ule wa dawa za vyandarua. Ikafanya kazi nzuri, kisha mbu wa Pemba wakaizoea. Utafiti uliochapishwa 2013 ulionyesha usugu huo Pemba, na ukaonyesha pia vyandarua vya hapa haviui kama inavyotakiwa. Wakahamia dawa ya ukoo mwengine, bendiokabi, ambayo haidumu ukutani. Baadae ikaja Actellic ya vidonge vidogo: dawa imefungwa ndani ya magamba ya plastiki madogo kuliko vumbi, inavuja taratibu, kwa hiyo ukuta unabaki na nguvu miezi mingi zaidi. Ni maikromita, si nano, lakini fikra ni moja, kuitoa dawa kwa mpimo. Ndiyo maana mnaambiwa msipake chokaa upya baada ya kupigiwa dawa. Chokaa inafunika magamba, na ualkali wake unaivunja dawa.

Chandarua nacho kina hila hiyo. Kile cha Olyset, kinachotengenezwa Arusha na kiwanda cha A to Z tangu 2003, kina dawa ndani ya uzi wenyewe, ikitoka juu inapanda nyengine kutoka ndani. Kwa mbu sugu zimekuja aina mpya, na ushahidi wake mkubwa umetoka Tanzania: Muleba, kwa vyandarua vyenye kizuizi cha usugu, na Misungwi, kwa vyenye dawa mbili.

Unguja walikuwa na lao la zamani ambalo mimi nalipenda kuliko yote. Mwaka 1988 Makunduchi walitia vipunje vya polistirini, ile plastiki nyepesi ya kufungia televisheni, kwenye vyoo vya shimo. Vinaelea, vinafunika maji, funza wa mbu wa matende hawapati hewa. Pamoja na dawa kwa watu, mbu walipungua mno na matende yakaporomoka. Hakuna sumu wala usugu. Mbu hawezi kuzoea kukosa pumzi.

Maji: chujio la Arusha na kisima cha Madungu

Dk. Askwar Hilonga, mhandisi wa kemia wa Taasisi ya Nelson Mandela, Arusha, mwaka 2015 alishinda tuzo ya kwanza ya Afrika ya ubunifu wa kihandisi, inayotolewa na Chuo cha Kifalme cha Uhandisi cha Uingereza, pauni 25,000. Chujio lake linaunganisha mchanga wa kawaida na nanomada zinazoweza kupangwa kulingana na uchafu wa pahala. Kwao tatizo ni floridi inayotoka kwenye miamba ya volkeno, ile inayopaka meno rangi ya kahawia na kupinda mifupa ya watoto. Kiwango salama ni miligramu 1.5 kwa lita na visima vingi vya kule vinapita mbali.

Sasa mtu akikujia Chake na chujio la floridi, muulize floridi iko wapi. Kisiwa chetu si cha volkeno. Matatizo yetu ni mawili: vijidudu, khasa mvua za masika zinapochanganya maji ya vyoo na visima, na chumvi kwenye visima vya karibu na pwani. Chumvi iliyoyeyuka haishikwi na mchanga wala na nanomada hizi, inataka mtambo wa kusukuma maji kwa nguvu kupitia utando, ambao ni umeme na pesa. Vijidudu vinauliwa na klorini kwa bei ya kitu kidogo. Lakini maji yakiwa na tope, tope linaila klorini kabla haijafika kwa vijidudu, kwa hiyo tulizeni maji kwanza, chujeni kwa kitambaa safi, ndipo mtie, na msubiri nusu saa. Harufu kidogo ya klorini ikibaki ndiyo dalili kuwa imetosha.

Makonyo

Hamkutegemea nisahau karafuu. Wawi hiyo hiyo kuna kiwanda cha makonyo cha ZSTC kinachokamua mafuta kwa mvuke. Sehemu kubwa ya mafuta hayo ni yujenoli, na ni mafuta ya ajabu, mazito kuliko maji: mengine yanaelea, haya yanazama chini ya chombo. Madaktari wa meno wanaichanganya yujenoli na unga wa oksidi ya zinki kuziba jino kwa muda, ndiyo ile harufu ya mkarafuu kwenye chumba cha meno.

Maabara nyingi duniani sasa zinayavunja mafuta haya kuwa vitone vya nanomita chini ya 200, yachanganyike na maji, wakiyajaribu kwa funza wa mbu, bakteria na kuvu. Kwenye chupa za maabara yanafanya vizuri. Dawa ya afya ya jamii iliyokubalika bado haijatoka humo, na ningefurahi siku moja utafiti huo ufanyike pahala panaponukia karafuu. Kwa sasa onyo moja tu: mafuta safi ya karafuu msimpake mtoto ufizini wala kumnywesha. Yanaunguza, na watoto waliokunywa hata kijiko wameharibika ini.

Wauzaji

Kuna wanaopita na vidonge vya "nano" vya sukari, presha na nguvu, soksi za "nano silva", maji ya "nano". Nano si dawa, ni kipimo cha ukubwa, kama kusema "inchi". Muulize muuzaji chembe zake ni za kitu gani, zina ukubwa gani na nani kazipima. Dawa isajiliwe na ZFDA, na kemikali ina Mkemia Mkuu wa Serikali. Fedha ya nano kweli inaua bakteria, na ikifika mtoni inaua pia viumbe vinavyoliwa na samaki. Ikitoka kwenye soksi zako kwenye maji ya kufulia, huna namna ya kuirudisha.

Kijana wangu wa Madungu kaniuliza tena: akitaka kusomea haya afanyeje? Kidato cha tano achukue fizikia na kemia pamoja na hesabu au bayolojia. Kisha SUZA au Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kwa shahada ya kwanza. Nelson Mandela ya Arusha haichukui shahada ya kwanza, ni ya uzamili na uzamivu tu, kwa hiyo asijisumbue kuomba kabla. Wenye uzoefu wa kusoma huko, au waliofanya kazi maabara ya Wawi, mlangoni pa maoni pako wazi, msahihisheni na mimi pia nilipoteleza.